Mafuta Katika Ini

Upande wa kulia wa tumbo, chini ya mbavu, limo ini. Uzito wake katika mtu mzima hupata kadiri ya kilo moja na nusu. Huchuja damu itokayo matumboni, huweka akiba ya chakula, tena hufanya nyongo. Lakini nyama ya ini haina mishipa ya kuleta habari ya maumivu. Jino likioza, mtu hulia usiku kucha. Ini likiharibika, mwenyewe hulala usingizi.

Tuseme yuko mwenye duka huko Bunju, kando ya barabara ya Bagamoyo. Zamani palikuwa mashamba, na watu walikwenda kwa miguu. Sasa mji umefika, naye hukaa kitini tangu asubuhi, hunywa soda, hula chipsi, na jioni hupanda bodaboda ingawa nyumba yake i karibu. Kitambi kimetokea. Majirani humsifu kwamba amenawiri. Kumbe chakula kilichozidi hugeuka mafuta, na mengine hukaa katika ini. Pombe nayo huleta mafuta hayo hayo. Yakizidi sehemu 5 katika kila 100, ini huhesabiwa kuwa gonjwa.

Mafuta yakidumu miaka mingi, ini laweza kuvimba, kisha kushikwa na makovu. Mwishowe macho huwa manjano na tumbo hujaa maji. Hata kansa yaweza kuingia. Dalili hizo huja zimechelewa.

Basi ugonjwa huu hauna budi kutafutwa kabla haujajitangaza. Mwenye kitambi au kisukari na amwendee daktari, ijapokuwa haumwi. Damu hupimwa, lakini damu peke yake yaweza kudanganya. Katika hospitali kubwa, kama Mwananyamala na Muhimbili, kiko chombo kipelekacho tumboni sauti nyembamba mno, isiyosikika kwa sikio la mtu, mfano wa sauti ya popo. Mwangwi wake hurudi, ukawa picha. Daktari hulinganisha ini na figo iliyo jirani yake: ini zima hufanana nayo, lenye mafuta huonekana jeupe zaidi. Mafuta yakiwa machache sana, chombo hiki hakiyaoni.

Aliyegunduliwa mapema hahitaji kisu. Akiacha soda na kutembea kila siku, akapungua polepole, tuseme kutoka kilo 90 hata 83, mafuta huanza kuliacha ini. Makovu yakiisha kuwa mengi, ni shida kuyaondoa.