DUKA LILILOGEUKA BENKI, KISHA LIKAFA

Leo tuongelee mtaji wa mkopo. Mfano wetu ni Lehman Brothers, benki ya uwekezaji ya Marekani. Usiogope jina, walianza kama sisi tu: dukani.

Mwaka 1844 Henry Lehman, mhamiaji kutoka Ujerumani, alianza biashara ya vitambaa na vitu vya nyumbani kule Montgomery, Alabama. Wadogo zake Emanuel na Mayer wakamfuata, na 1850 biashara ikaitwa Lehman Brothers. Wakulima wengi walikuwa wanawalipa kwa pamba badala ya keshi, pamba iliyolimwa kwa jasho la watumwa. Wakaona pamba inalipa kuliko duka, wakawa madalali wa pamba. Baadaye wakahamia New York, wakaingia kwenye hisa na kutafutia makampuni mitaji.

Sasa kilichowaua. Miaka ya 2000 walijaza mikopo ya nyumba na majengo. Mwisho wa 2007, kwa kila dola 1 ya kwao walikuwa na mali ya dola 30 hivi. Iliyobaki yote deni! Piga hesabu: mali ikishuka bei asilimia 4 tu, mtaji wako kwisha. Tena deni kubwa lilikuwa la muda mfupi, lingine la usiku mmoja, na majengo huwezi kuyauza kwa usiku mmoja. Bei za nyumba ziliposhuka, wakopeshaji wakagoma. Tarehe 15 Septemba 2008 wakaomba kufilisika, deni zaidi ya dola bilioni 600.

Mimi yalinikuta kidogo kidogo. Nilichukua mkopo wa wiki mbili kwenye simu, nikaagiza viatu vya kufika baada ya mwezi na nusu. Mzigo uko baharini, deni limeiva. Nikauza simu niliyokuwa napigia picha za bidhaa. Viatu vilipofika, sina cha kuvipigia picha.

Kwa hiyo kabla hujakopa:
1. Andika tarehe ya kulipa na tarehe mzigo utakapokuwa umeuzika. Kama deni linatangulia, acha.
2. Jiulize, nikiuza kwa hasara nitalipa?
3. Usikope kulipa mkopo mwingine.

Deni lako linaiva lini, na mzigo unafika lini? Kaa na daftari leo usiku ujijibu.