Kifereji, Kipimo na Jibu: Tatizo la Istilahi za Uchunguzi wa Maradhi Vwawa

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili namna ya kuvitaja kwa Kiswahili vifaa vya kuchunguzia maradhi vinavyopitisha damu au makohozi katika njia zenye upana usiofikia milimita moja. Tumeiteua Vwawa, makao makuu ya Mkoa wa Songwe ulioanzishwa mwaka 2016, kwa sababu za kiisimu. Kinyiha ndiyo lugha ya nyumbani kwa wenyeji wengi, nacho Kiswahili ni kiungo baina yao na watumishi wa afya. Kwa hiyo istilahi itolewayo maabara hufasiriwa tena nyumbani. Isiyofasirika huishia mlangoni.

2.0 Vifaa Vyenyewe

Mfano wa karibu ni katriji ya Xpert ya kuchunguzia kifua kikuu, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010. Matokeo ya majaribio yake yaliyofanywa Mbeya yalichapishwa mwaka 2011. Ndani ya katriji, makohozi yaliyolainishwa huhamishwa kutoka chumba hadi chumba. Vimelea hunaswa, huvunjwa, na chembeurithi zao huzidishwa hadi zitambulike. Jibu hupatikana kwa muda wa saa mbili hivi, pamoja na taarifa kuhusu usugu dhidi ya rifampisini. Mwaka huohuo wa 2011, Samuel Sia wa Chuo Kikuu cha Columbia na wenzake walitangaza matokeo ya kifaa cha plastiki kilichojaribiwa Rwanda, kilichopima VVU na kaswende kwa tone dogo la damu.

Katika njia nyembamba hivyo, viowevu viwili hutiririka sambamba bila kuvurugana, na huchanganyika polepole tu. Udogo wa njia ndio unaoleta tabia hiyo. Kwa hiyo istilahi inayotaja udogo wa kiowevu pekee huacha kiini cha jambo.

3.0 Utata wa "Kipimo"

Nomino hii, itokanayo na kitenzi *pima*, hubeba dhana za kifaa, tendo na kiasi. Katika mazungumzo ya hospitali huongezewa na ya jibu. Tuichunguze sentensi: "Kipimo hakikuonyesha kitu." Yaweza kumaanisha kwamba vimelea havikuonekana, au kwamba katriji ilishindwa kukamilisha kazi. Katika hali ya pili mgonjwa hupaswa kupimwa upya. Akiielewa kwa maana ya kwanza, aweza kurudi kwa watoto wake na kifua kikuu kisichotibiwa.

4.0 Mapendekezo

Tunapendekeza *kifereji* (wingi *vifereji*), kutokana na *mfereji*, neno linalofahamika kwa mkulima wa kahawa na kwa mtaalamu vilevile. Kifaa kiitwe *kifaa cha vifereji*, tendo, *upimaji*, tokeo, *jibu*. Pale mashine inaposhindwa, isemwe "upimaji haukukamilika", na si vinginevyo. Kitepe cha kupimia malaria tusikitie katika kundi hili bila tahadhari, kwani humo kiowevu hufyonzwa na vitundu vya kitepe chenyewe.

5.0 Hitimisho

Uundaji wa istilahi hauishii kwenye orodha ya maneno. Ubora wa istilahi za tiba upimwe kwa swali moja: je, mgonjwa wa Vwawa, akishafasiri jibu lake kwa Kinyiha, atajua kama anapaswa kurudi hospitali?