UFAHAMU: MAUMIVU YA USO NA KICHWA YANAYOANZIA PUANI

Soma kifungu kifuatacho kwa makini, kisha jibu maswali.

Ndani ya mifupa ya uso wako kuna vyumba vyenye hewa viitwavyo sainasi. Vimepangwa kwa jozi 4: kwenye paji la uso, mashavuni, kati ya macho na nyuma kabisa ya pua. Kila chumba kina utando unaotengeneza ute. Ute huo hutoka kupitia kijitundu kinachofungukia puani.

Ukipata mafua, utando huvimba na vijitundu huziba. Ute hukosa njia, mgandamizo huongezeka, nawe huhisi uzito na maumivu usoni, hasa unapoinama. Hata meno ya juu huweza kuuma, kwa kuwa mizizi ya magego iko karibu na sainasi za mashavuni.

Wengi hukimbilia duka la dawa kununua antibayotiki. Hapo ndipo penye kosa. Mara nyingi chanzo ni virusi, ilhali antibayotiki hupambana na bakteria. Wagonjwa wengi hupata nafuu ndani ya siku 10 kwa kupumzika, kunywa maji na kutumia dawa ya kutuliza maumivu. Muone daktari dalili zikizidi siku 10 bila nafuu, au zikirudi kwa nguvu baada ya kupungua. Nenda hospitali mara moja jicho likivimba, ukianza kuona ukungu au shingo ikikakamaa.

Tena, si kila maumivu ya paji la uso hutokana na sainasi. Yakiambatana na kichefuchefu na kuchukia mwanga, huenda ni kipandauso, ambacho tiba yake ni tofauti.

Maswali
1. Eleza kwa hatua jinsi mafua yanavyoleta maumivu ya uso.
2. Kwa nini mgonjwa wa sainasi anaweza kudhani jino lake limeoza?
3. Mwenzako ana mafua ya siku 3 na anataka kununua antibayotiki. Mshauri kwa hoja za kifungu.
4. Taja dalili 2 zinazotofautisha kipandauso na maumivu ya sainasi.

Dokezo: Katika swali la 3 usinakili sentensi za kifungu. Anza na chanzo cha ugonjwa, fuatisha kazi ya antibayotiki, kisha umwambie asubiri hadi lini na dalili zipi zisisubiriwe. Ukiacha hatua moja, unapoteza alama.