SOMO LA ROBO HII: NANI HAYUMO KWENYE ORODHA?



Katika semina za amani huwa tunaulizwa: hadithi ya kubuni itatufundisha nini juu ya ukweli? Tukumbuke kwamba nabii Nathani, alipotumwa kwa mfalme Daudi, hakuanza na mashtaka. Alianza na hadithi ya maskini na mwanakondoo wake. Robo hii tunajifunza kwa njia hiyo hiyo, kutoka nchi ya Chile.

Historia kwa ufupi

Tarehe 11 Septemba 1973 jeshi la Chile, likiongozwa na Jenerali Augusto Pinochet, liliipindua serikali ya Rais Salvador Allende. Wengi waliuawa, wengine walikamatwa wasionekane tena, na maelfu waliteswa. Makanisa hayakukaa kimya. Askofu Helmut Frenz wa Kanisa la Kilutheri alikuwa mmoja wa viongozi wa kamati ya madhehebu iliyowasaidia walioonewa, na mwaka 1975 alizuiwa kurudi nchini humo.

Utawala wa kiraia ulirejea Machi 1990. Rais Patricio Aylwin aliunda Tume ya Ukweli na Maridhiano chini ya mwanasheria Raúl Rettig. Taarifa ya mwaka 1991 ilitaja wahanga 2,279 waliokufa au kupotezwa, na Rais akaomba msamaha kwa niaba ya taifa. Ilikuwa kazi kubwa. Lakini tume haikupewa jukumu la kuchunguza habari za walioteswa wakabaki hai.

Hadithi yenyewe

Mwaka huo huo wa 1991 tamthilia ya Ariel Dorfman, mwandishi wa Chile, ilionyeshwa jukwaani. Inaitwa La muerte y la doncella, yaani Mauti na Binti, jina la muziki wa Schubert.

Paulina aliteswa na kubakwa akiwa amefungwa kitambaa machoni, huku daktari mmoja akimpigia muziki huo. Miaka mingi baadaye mumewe Gerardo, mwanasheria, anateuliwa katika tume inayofanana na ile ya Rettig. Gari lake linapata pancha, na msamaria mwema anampa lifti. Msamaria huyo anapofika nyumbani, Paulina anaitambua sauti yake: ni yule daktari. Anamfunga kwenye kiti na kumtaka akiri. Mgeni anakana. Gerardo anahofia sheria, na pia cheo chake kipya. Maungamo yanapatikana, lakini je, ni ya kweli au ni ya kuokoa maisha? Mwandishi hatuambii.

Hatusomi hadithi hii ili tusifu kulipiza kisasi. Tunaisoma ili tuone mtu anafika wapi anapokosa pa kusemea. Chile yenyewe ililiona pengo hilo. Mwaka 2003 iliundwa tume nyingine, chini ya Askofu Sergio Valech, kwa ajili ya waliofungwa na kuteswa. Taarifa yake ya mwaka 2004 iliwatambua zaidi ya watu 27,000.

Kwetu sisi

Nasi tumewahi kukosea. Katika usuluhishi mmoja wa wakulima na wafugaji tuliandika muhtasari mzuri: waliokufa, ng'ombe waliopotea, mashamba yaliyoliwa. Watu walishikana mikono, tukaomba, tukala pamoja, taarifa ikatumwa kwa wafadhili. Baadaye mama mmoja aliyepigwa usiku ule alituuliza kama jina lake limo. Halikuwamo. Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Tulirudi tukakaa naye, lakini aliyempiga alikuwa amekwisha kupongezwa mbele ya watu.

Tangu hapo tunaanza na vikao vidogo vya wanawake peke yao, wala hatuandiki jina la mtu bila ridhaa yake. Kazi hii huchukua miezi. Tunawaomba wafadhili watuvumilie, na kamati zisione haya kuandika "bado".

Maswali ya kujadili

1. Katika usuluhishi wenu wa mwisho, ni nani aliyeumizwa lakini hakuulizwa?
2. Mtu akikiri kwa kuogopa, je, hayo ni maungamo?
3. Gerardo angekuwa mzee wa usharika wenu, mngemshauri nini? Na Paulina je?

Bwana awabariki katika kazi ya upatanisho.