"Ningemtaka yule baba wa kanisani"

SWALI: Mimi ni baba wa watoto watatu, nina miaka 46, naishi pembezoni mwa mji wa Bukoba. Nimeokoka, na ni mzee wa kanisa katika usharika wetu. Kila Januari huandika malengo yangu kwenye daftari: kusoma Biblia yote, ibada ya nyumbani kila usiku, ada kulipwa mapema, kumaliza nyumba, kuacha hasira. Ada nalipa, nyumba inaendelea. Hilo la hasira naliandika upya kila mwaka.

Majuzi tulikuwa na semina ya uamsho. Nilienda mbele, nikalia, nikaombewa, nikarudi nyumbani nikijiona mtu mpya. Siku chache baadaye mwanangu mkubwa, yuko kidato cha tatu, alisahau kufunga mbuzi, wakaingia kwa jirani wakala maharage. Nilimpiga sana, nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mama yake alipojaribu kumtetea nikamfokea naye mbele ya watoto. Usiku kwenye ibada nikamwambia kijana aombe. Akakataa. Akasema, "Baba, kanisani unaongea na watu vizuri. Mimi ningemtaka yule baba wa kanisani."

Tangu siku hiyo ananiamkia, kazi anafanya, ila nikiingia sebuleni yeye anatoka. Nafikiria kujiuzulu uzee wa kanisa. Au nifunge na kuomba kwanza? Nifanyeje niwe mpya kweli?

Baba wa Watatu, Bukoba

JIBU: 

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila mara nimesimama kwenye maneno ya kijana. Wewe umeyapokea kama hukumu. Mimi nasikia mtoto anayemuomba baba yake. Hakusema kanisa ni uongo, wala hakusema hataki baba. Pengine amekutazama ukimwinamia mjane mlangoni mwa kanisa, ukimsikiliza hadi amalize, ukimshika mkono mzee asiyeona vizuri, akaona hayo yote unayaweza, akatamani na yeye apate. Mtoto aliyekata tamaa hasemi hivyo. Hunyamaza, anamaliza shule, anaondoka, na simu yake unaipata kwa tabu.

Sasa kuna jambo nimelitafuta katika barua yako nikalikosa. Umetubu mbele ya washarika, umelia mbele ya mhubiri, umeniandikia hata mimi nisiyekujua. Kijana je, umemwambia nini? Aliyepigwa ni yeye, na katika watu wote walioguswa na habari hii ni yeye na mama yake tu ambao hawajasikia toba yako.

Fungua 2 Samweli sura ya 14. Absalomu, mwana wa Mfalme Daudi, alikuwa amekimbilia Geshuri baada ya kumuua nduguye Amnoni. Daudi akakubali arudishwe Yerusalemu, lakini akaagiza akae nyumbani kwake, asimwone mfalme uso kwa uso. Akakaa hivyo miaka 2 mizima, baba na mwana katika mji mmoja. Absalomu akamwita Yoabu, jemadari wa mfalme, ampeleke kwa baba yake, Yoabu hakuja. Akamwita mara ya pili, hakuja. Ndipo akaamuru shamba la shayiri la Yoabu lichomwe moto, na hapo Yoabu akafika mbio kuuliza kulikoni. Wahubiri wengi huitumia habari hii kuonya vijana waasi. Mimi kila nikiisoma naona pia kijana aliyeagiza ujumbe kwa adabu mara mbili na hakusikilizwa hadi moto ulipowaka. Baadaye, Absalomu alipoasi na kuuawa vitani, Daudi alimlilia mwanawe kilio kilichofanya jeshi zima liingie mjini kimyakimya siku ya ushindi, lakini Absalomu alikuwa ameshakufa. Maneno ya upendo yote yalikuwamo ndani ya Daudi tangu mwanzo. Mwanawe hakuyasikia.

Kijana wako bado yuko katika ile hatua ya kuagiza ujumbe kwa adabu.

Unaniuliza habari za kufanywa upya. Wewe ni mtu wa Bukoba, na nyumbani kwenu mna urithi mkubwa katika jambo hili. Ule Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Tanganyika na Kenya, ulipita kwenye vijiji vya Wahaya ukaacha vikundi ambavyo wazee wenu wanavikumbuka. Wale walokole wa kwanza walikuwa wanaimba na kulia kama mlivyolia ninyi semina iliyopita, lakini majirani waliamini kwa sababu nyingine. Waliona mtu anarudisha jembe alilokuwa ameiba. Waliona mume anamwomba mkewe radhi, jambo ambalo halikuwa desturi. Dhambi ilitajwa kwa jina lake na kupelekwa kwa aliyekosewa.

Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda, ambaye kabla ya uaskofu aliwahi kufundisha Dodoma, alikuwa akisimulia jinsi alivyogombana na mkewe kisha akataka kutoka kwenda kuhubiri. Moyoni akasikia Bwana akimwambia arudi kwanza aombe radhi. Akajitetea kwamba watu wanamngoja. Jibu alilolisikia ni kwamba basi aende tu akahubiri, Bwana atabaki na mkewe jikoni. Akarudi jikoni. Mtu huyu ndiye ambaye baadaye, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa mwaka 1977 na yeye mwenyewe kukimbilia uhamishoni, aliweza kuandika kitabu cha kumsamehe Idi Amin, mtawala aliyehusika na mauaji hayo. Naamini hayo mawili yana uhusiano. Aliyeshindwa kurudi jikoni kwake asingekuwa na la kutuambia kuhusu Amin.

Kwa hiyo kufunga na kuomba ni vyema, lakini kusikucheleweshe. Nenda kwa kijana wiki hii. Usimwite sebuleni, maana kuitwa sebuleni kwenu sasa kuna maana ya kushtakiwa. Mfuate alipo, kama anakata majani ya mbuzi au anafagia kwenye migomba, fanya naye ile kazi kidogo, kisha sema: "Siku ile ya mbuzi nilikupiga kwa hasira, nikakuambia hivi na hivi. Nilikosa. Naomba unisamehe." Yale maneno uliyoshindwa kuniandikia, kwake yataje, maana yeye anayakumbuka yote. Halafu ishia hapo. Usiongeze "lakini na wewe". Habari ya kufunga mbuzi atafundishwa siku nyingine. Na usimdai jibu. Anaweza kusema "sawa, baba" na kuendelea na kazi, na pengine atatoka sebuleni kwa wiki kadhaa bado. Ana haki ya kukuangalia kwanza.

Mkeo mwombe radhi mkiwa wawili, kisha mara moja mbele ya watoto, kwa kuwa mbele yao ndiko ulikomfokea. Najua ulivyolelewa, na wengi wetu tulilelewa hivyo: baba haombi radhi watoto wakasikia, heshima itashuka. Heshima ya nyumba yako imeshashuka tayari, ndugu yangu, kijana amekuambia. Kinachobaki nyumbani kwako ni woga, nao utakwisha siku atakapoanza kujitegemea.

Kuhusu daftari la malengo, sina ugomvi nalo. Angalia tu tofauti ya yanayotimia na yasiyotimia. Ada unajua ni kiasi gani, inalipwa lini, na fedha inatoka wapi. "Kuacha hasira" hakuna siku wala mahali. Futa hilo, andika mambo unayoweza kuyafanya na kuonekana. Fimbo itoke ndani ya nyumba. Adhabu yoyote isitolewe siku ileile ya kosa, na isitolewe kabla hujazungumza na mama yao. Ukihisi damu imepanda, toka nje, tembea hadi barabarani, na watoto waambie mapema kwamba baba akitoka hivyo anatafuta utulivu, wasikufuate. Hayo ndiyo mazoezi ya tabia. Roho Mtakatifu huyatumia, hayafanyi kuwa ya bure.

Na ile ibada ya usiku. Natumaini sikukosei nikisema katika nyumba nyingi watoto huiogopa, kwa kuwa baba humsema mtoto ndani ya sala: anamwomba Mungu ambadilishe fulani aache uvivu, na fulani yumo humo amefumba macho, hawezi kujibu. Kama hilo lipo kwenu, likome. Fanya ibada iwe fupi, mwachie mama aiongoze siku nyingine, mwache mdogo achague wimbo, na kijana asiombeshwe mpaka atakapotaka mwenyewe. Paulo aliwaandikia Waefeso na Wakolosai akiwaonya akina baba hasa wasiwachokoze watoto wao. Hilo lisome wewe peke yako kwanza, kabla ya kulisoma mezani.

Uzee wa kanisa usiuache kimyakimya kwa aibu. Nenda kwa mchungaji wako, mweleze yote kama ulivyonieleza mimi, pamoja na kipigo. 1 Timotheo sura ya 3 inaunganisha wazi uongozi wa kanisa na uongozi wa nyumba, naye anapaswa kujua ili akusaidie kuamua. Ungeniuliza mimi, ningekushauri uombe kupumzika kwa muda, uzitumie jioni za vikao kukaa nyumbani.

Na mkono ukiinuka tena juu ya mtoto au juu ya mama yake, usingoje semina. Mwambie mchungaji siku hiyohiyo, na nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yenu uombe msaada. Mkeo naye ajue kwamba ana ruhusa ya kwenda huko mwenyewe bila kukuuliza, na wa kumwambia hivyo ni wewe.