Kiwanja Kitupu Si Kitupu: Somo la Vikundi



Somo letu la safari hii lahusu pahali ambapo hapana nyumba, hapana shamba wala duka, na kwa hiyo wengi wetu hupita tukasema hapana kitu. Ni kile kiwanja cha watoto, kivuli cha mwembe pale njia panda, ufuo wa bahari, uwanja ulio mbele ya msikiti au kanisa. Kwenye miji mikubwa huita bustani za umma. Sisi wa visiwani na bara ya Lamu hatuna mazoea ya kutumia jina hilo, lakini jambo lenyewe tunalo, na latuponyoka kidogo kidogo huku tukiangalia.

(Kiongozi wa kikundi: somo ni refu. Lisomwe kwa sauti katika mikutano miwili, na wale wasiojua kusoma waulizwe maoni yao kwanza, manake wao ndio mara nyingi wanaoikumbuka mipaka ya zamani.)

Tuanze mjini Amu. Mbele ya ngome, iliyojengwa kati ya mwaka 1813 na 1821, pana uwanja wa Mkunguni. Wazee hukaa pale chini ya miti, mahamali hupumzika, punda hungoja mizigo, mwanasiasa akija ndipo anaposimama kuhutubia. Kule Langoni, uwanja wa mbele ya Msikiti wa Riyadha hujaa watu wakati wa Maulidi. Ukiziondoa nafasi hizo na ile njia ya pwani, mji umebanana. Punda akija na mawe kichochoroni, wewe hujibana ukutani mpaka apite. Sifa hiyo ya mji wa kale ndiyo iliyofanya UNESCO iuandike Lamu katika urithi wa dunia mwaka 2001. Lakini kusifiwa ni kitu kimoja, na mtoto kupata pa kuchezea ni kitu kingine.

Sasa tuulize: ni nani anayeuhitaji uwanja kuliko mwenzake? Mwenye nyumba kubwa ya mawe ana kiwambaza, ana ua wa ndani, na juu ana dari yenye upepo na maua. Mtu wa kupanga chumba kimoja kule Wiyoni au Gadeni, paa la mabati, watoto watano, yeye sebule yake ni nje. Jua la mchana likipiga bati, humo ndani hapakaliki. Uwanja ukimegwa, tajiri amepoteza pahali pa kupitia, lakini maskini amepoteza chumba cha nyumba yake. Ndiyo sababu nasema kwamba hasara ya kiwanja haigawanyiki sawa, hata kama kiwanja chenyewe kilikuwa cha wote. Tena mitaa ya makuti iliyoshikana huogopa moto, na kila mtu wa Lamu anajua moto ukianza haungoji. Nafasi iliyo wazi huzuia moto kurukia paa la pili, na ni pahali pa kukimbizia watu na vyombo.

Usidhani pia kwamba kila kiwanja kilicho wazi ni wazi kwa kila mtu. Mkunguni asubuhi utahesabu wanaume wangapi na wanawake wangapi? Desturi ya mji ilikuwa na njia zake za kumpa mwanamke hewa na mazungumzo: nyua za ndani, na yale madaraja ya wikio yaliyounganisha nyumba na nyumba juu ya kichochoro. Aliyehamia juzi akapanga chumba hana wikio wala ua. Huyo mama atapumzikia wapi na wanawe? Kikundi kikisema "tunataka uwanja", kiulize pia habari ya taa, choo, na pahali ambapo akina mama wataketi bila kusumbuliwa. Mlemavu naye, je, afika? Mchanga mwingi na vipandio vya mawe ni ukuta kwake.

Twende Shela. Pale pana ufuo wa kiasi cha kilometa 12, na nyuma yake matuta ya mchanga. Mgeni huona uzuri. Mwenye pesa huona pa kujenga nyumba ya kuelekea bahari. Lakini matuta yale yana kazi ambayo haionekani kwa macho. Mvua ikinyesha huzama mchangani ikakusanyika chini, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, hukaa juu yake kama samli juu ya mchuzi. Visima vya Shela ndivyo vinavyounywesha mji wa Lamu tangu zamani. Ukijenga juu ya matuta, ukachimba vyoo, ukavuta maji kwa mashine kupita kiasi, maji matamu huchafuka na ya chumvi hupanda. Hapo mwenye nacho atanunua maji au ataleta kwa boti. Asiye nacho atapanga foleni na mtungi. Kwa hiyo mtu akikwambia matuta ni ardhi ya bure isiyo na kazi, mwambie hilo ni tangi la mji mzima.

Na ufuo wenyewe ni wa nani? Hapa Katiba ya mwaka 2010 yasema waziwazi. Kifungu cha 62 chataja kuwa ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Inashikiliwa na serikali ya taifa kwa niaba ya wananchi wa Kenya, na kusimamiwa na Tume ya Taifa ya Ardhi. Ardhi ya umma haiwezi kutolewa wala kutumiwa ila kwa kufuata sheria ya Bunge. Kwa hiyo hakuna hoteli wala nyumba ya kifahari iwezayo kumfukuza mvuvi au mtoto anayeogelea pale maji yanapofika. Zaidi ya hayo, kanuni za upimaji za mwaka 1994 zinataka kwamba serikali ikipima ardhi yake ya kandokando ya bahari ili kuigawa, kwa kawaida iache ukanda usiopungua meta 60 juu ya alama ya maji kujaa. Mashamba yenye hati za kale huenda yakawa na mambo yake, na hapo ni lazima kuiangalia hati yenyewe.

Ila tatizo kubwa pwani nzima, kutoka Diani mpaka huku kwetu, ni njia. Ufuo ni wako lakini njia ya kufika imekatwa na ukuta. Kama huna mashua, haki yako inakuwa ya kutazamwa kwa mbali. Mimi naona kikundi kinachopigania ufuo bila kupigania njia kimefanya nusu ya kazi.

Sasa tuyasimamishe maelezo, tujadiliane. Katika kijiji chenu, ni pahali gani watu wote huenda bila kuomba ruhusa? Miaka ishirini nyuma palikuwa na mangapi, na leo mangapi? Yaliyopotea yalichukuliwa na nani, na siku ile yanachukuliwa sisi tulikuwa wapi? Swali la mwisho lina uchungu, lakini lisirukwe.

Wako wenzetu waliolijibu. Mwaka 1989 palitolewa mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi, la shirika la gazeti la chama kilichokuwa kikitawala. Bustani hiyo ndipo mtu wa mshahara mdogo alipokwenda Jumapili na watoto, akalala majanini bila kulipa. Profesa Wangari Maathai wa Green Belt Movement aliandika barua: kwa ofisi za serikali, kwa magazeti, na kwa waliotarajiwa kutoa pesa ng'ambo. Wabunge walimcheka na kumtukana. Lakini wafadhili waliogopa, na mradi ukaachwa. Mwaka 1991 bustani ya Jeevanjee, iliyotolewa kwa umma mwaka 1906 na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee, nayo ilitakiwa kugeuzwa jumba la maegesho ya magari. Ikapingwa, ikabaki. Angalieni silaha iliyotumika: barua, wakati ule ambapo kusema kulikuwa na hatari. Si kila mtu alipona bila jeraha. Januari 1999 huyo huyo mama alipigwa alipokwenda kupanda miti katika msitu wa Karura, uliokuwa ukimegewa watu binafsi.

Karura ulikombolewa, ukawekewa ua na walinzi, na leo watu hutembea pale kwa usalama. Basi hapo kuna swali jingine. Kwa miaka mingi Mkenya mtu mzima alilipa shilingi 100 mlangoni. Kwa mwenye gari si kitu. Kwa mama wa kibarua aliye na vijana wawili wakubwa ni shilingi 300 kabla ya nauli, na hiyo ni unga wa siku kadhaa. Mimi sisemi kiingilio ni dhambi, manake mlinzi naye ana watoto wa kulisha na ua hautengenezwi kwa maneno. Nasema kwamba mlango unaweza kumzuia maskini kuliko ukuta, kwa sababu ukuta hulalamikiwa, na mlango husifiwa. Kikundi kikitaka kutoza chochote, kiweke siku za bure, na wenyeji wasio na uwezo wapite bila kuonyeshwa vidole. Vivyo hivyo pahali pakitengenezwa pakapendeza, tuangalie kama muuza mishikaki na mama wa mahamri wamebaki. Bustani ya Forodhani, Unguja, ilipofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya matengenezo, wauza vyakula wa usiku walirudi. Hilo ni jambo la kulipanga mapema.

Baba Mtakatifu Fransisko katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015 aligusia jambo hili hili, kwamba pahali pazuri pakifanywa mali ya wachache wengine hufungiwa nje. Mafundisho ya Kanisa ni kwamba Mungu alivitoa vitu vya dunia kwa wote. Na ndugu zetu Waislamu wana wakfu, ambayo ni njia ya karne nyingi ya kukitoa kitu kisiuzwe tena. Kwa hiyo katika vijiji vyetu vya mchanganyiko jambo hili halina dini ya kubishaniwa. Kaeni pamoja.

Nyinyi wa Hindi, Mokowe, Witu na Mpeketoni msiseme habari hizi ni za mjini. Tangu gati la kwanza la bandari ya Lamu lifunguliwe mwaka 2021, ardhi ya bara inatazamwa kwa jicho lingine. Kijiji cha leo ndicho mji wa kesho, na mji usioacha kiwanja mapema hukinunua baadaye kwa bei asiyoweza mtu. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilionyesha jinsi viwanja vya umma vilivyogawiwa watu binafsi kote nchini.

Kazi ya kufanya ni hii. Chagueni siku, mzunguke kijiji kwa miguu, wazee, vijana na akina mama. Chorani ramani mchangani kwa kijiti, halafu mtu aihamishe kwenye karatasi. Tieni alama kwenye kila kiwanja, kila kivuli, kila njia ya kwenda majini. Halafu linganisheni na ramani ya upimaji iliyo katika ofisi ya ardhi. Mkiona tofauti, msianze kwa kuvunja ua wa mtu. Ulizeni. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yampa afisa siku 21 kujibu. Barua isiwe ndefu: "Sisi kikundi fulani cha kijiji fulani, kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba, twaomba nakala ya ramani ya eneo hili, na kujua kiwanja fulani kimesajiliwa kwa matumizi gani na kwa jina la nani." Mkikosa jibu, nendeni kwa Tume ya Haki ya Utawala. Na ikifika mahakamani kwa ajili ya mazingira, Kifungu cha 70 chasema mlalamishi halazimiki kuonyesha kwamba yeye binafsi amepata hasara.

Barua iandikwe nakala mbili. Moja ibaki ofisini, na ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Hiyo ndiyo itakayohesabiwa zile siku 21, kwa hiyo katibu aiweke kwenye faili wala asimwazime mtu.