SOMO LETU: KUTIA INJINI MPYA KATIKA TREKTA KUUKUU YA BUSTANI

Kwa Wanachama wote,

Fedha ya karafuu haiji kila mwaka kwa kiasi kimoja. Mkarafuu ukizaa sana msimu huu, ufuatao huweza kupumzika. Kwa hiyo mwenye busara huitia fedha ya msimu mwema katika kitu kitakachomfaa katika misimu mibaya. Ziko mashine nzima zimeachwa chini ya miti kwa ajili ya ubovu wa injini tu: pampu, mashine za kukatia majani, na trekta ndogo. Je, yafaa kuzitia injini mpya? Jawabu letu ni kwamba yafaa, lakini injini hununuliwa kwa vipimo, wala si kwa nguvu za farasi peke yake. Mwenye kulisahau jambo hili hurudi na injini nzuri isiyoingia.

Mfano wetu ni trekta ya bustani ya Marekani iitwayo Cub Cadet, iliyoanza kutengenezwa na kampuni ya International Harvester katika mwaka 1960. Ilikuwa na injini ya Kohler K161, ya silinda moja na nguvu za farasi 7. Giaboksi yake ilitokana na ile ya trekta ya shamba, Farmall Cub, ndiyo maana nyingi zingali nzima ingawa injini zimechoka. Twaichagua kwa sababu taratibu zake ni zile zile za mashine yoyote ndogo tuliyo nayo hapa.

1. Je, injini ya zamani imekufa kweli? Tazama kwanza kama plagi yatoa cheche, kabureta ni safi, petroli si ya mwaka jana, na vali hazikukwama. Silinda ya K161 ni ya chuma cha kusubu. Ikilika, fundi wa kereza aweza kuipanua na kutia pistoni iliyozidi kwa sehemu 10, 20 au 30 katika 1,000 za inchi. Kazi hiyo ikiwezekana kwa bei nafuu, usinunue injini nyingine.

2. Nguvu hupita njia gani? Cub Cadet ya kwanza ilipeleka nguvu kwa mkanda. Zile za 70 na 100, zilizotoka mwaka 1963, ziliunganishwa na injini kwa shafti moja kwa moja. Ya mkanda ni nyepesi kugeuza, kwani puli yaweza kusogezwa. Ya shafti yataka injini ikae mahali pale pale, kwa urefu ule ule, na aghalabu yahitaji kazi ya kereza ambayo gharama yake yaweza kuipita bei ya injini.

3. Shafti ina unene gani? Hapa ndipo wengi wanapokwama. Injini za Honda GX390, mathalan, huuzwa nyingine kwa shafti ya milimita 25, na nyingine kwa shafti ya inchi 1, yaani milimita 25.4. Kwa macho zafanana. Lakini puli ya inchi 1 ikivishwa shafti ya milimita 25 itacheza, itakula shafti, na mwisho itachomoka. Pima kwa kipimo cha fundi, si kwa rula. Tazama pia shafti yazunguka upande gani. Injini nyingi za leo, ukisimama mbele ya shafti, huzunguka kinyume cha mishale ya saa. Ya zamani ikiwa ilizunguka upande wa pili, utatia gia ya mbele nayo trekta itakwenda nyuma.

4. Nguvu kiasi gani? Usidanganywe na karatasi iliyobandikwa. Injini ya Honda GX200 zamani iliandikwa nguvu za farasi 6.5; siku hizi huandikwa 5.5. Haikudhoofika, kilichobadilika ni namna ya kupima. Basi linganisha na ukubwa wa silinda. K161 ina sentimita za ujazo 266, GX200 ina 196, na GX270 ina 270. Kwa trekta yetu ya mfano, hiyo ya tatu ndiyo iliyo karibu. Wala usitie kubwa mno, maana nguvu iliyozidi huvunja giaboksi.

5. Mizunguko. K161 ilihesabiwa kwa mizunguko 3,600 kwa dakika, nazo injini nyingi za petroli za leo ni hivyo hivyo. Hapo puli hubaki ya ukubwa ule ule. Lakini ukitia injini ya mizunguko 3,000, zidisha 3,600 kwa upana wa puli ya zamani, kisha ugawe kwa 3,000. Puli ya inchi 3 itakuwa inchi 3.6.

6. Umeme. Cub Cadet ya zamani ilitia umeme wa betri katika koili ili iwake. Injini za Honda tulizozitaja hujitengenezea cheche zenyewe, na waya wake wa kuzimia huzima kwa kugusishwa na bodi. Ukiuunga waya huo na betri kupitia swichi ya zamani, utaunguza koili siku ya kwanza.

7. Kufunga. Puli mbili zikae katika mstari mmoja. Nyosha uzi kutoka moja hadi ya pili uone. Usizibe upande unaovuta hewa ya kupozea. Eksozi isielekee tangi la petroli wala miguu ya dereva. Mkanda ufunikwe, hasa palipo na watoto.

8. Oili. Injini mpya ndogo aghalabu huletwa bila oili ndani. Itie kabla ya kuvuta kamba, kisha uibadilishe baada ya saa 20 za kwanza, na baadaye kila baada ya saa 100. Injini hizi za Honda hazitakiwi kulazwa kupita digrii 20, jambo la kukumbukwa na wenye mashamba ya vilimani.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi andika katika karatasi: unene na urefu wa shafti, upande wa kuzunguka, upana wa puli, na nafasi ya matundu ya bolti. Mwenye duka asiyeweza kukujibu mambo hayo manne, usimpe fedha yako. Nawe mwanachama usiye na kipimo, lete puli yenyewe ofisini kabla ya kulipa, tuipime pamoja na fundi. Injini ya zamani usiitupe; ipake grisi uihifadhi, kwani vipuri vyake vyaweza kumfaa mwenzio.

Wabillahi taufiki.

Katibu wa Chama